Fahamu Ukaguzi wa Programu Huria Kabla ya Kuwasilishwa: Mfano wa Ramani na Vipimo vya Dhahabu Geita na Shinyanga

Mji wa Geita upo takribani nyuzi 2.87 kusini mwa Ikweta na nyuzi 32.23 mashariki. Katika kompyuta neno "kusini" kwa kawaida haliandikwi. Badala yake huwekwa alama ya kutoa mbele ya namba. Alama hiyo moja ikidondoka, namba zilezile huangukia kaskazini mwa Uganda, umbali usiozidi kilomita 15 kutoka mji wa Gulu. Namba mbili zikibadilishana nafasi, latitudo ikakaa penye longitudo, Geita huhamia mashariki mwa Morocco. Katika hali zote mbili kompyuta haisimami wala hailalamiki. Hutoa ramani safi yenye rangi na vipimo, isipokuwa ni ramani ya nchi nyingine.

Makosa ya aina hiyo ndiyo yanayoufanya ukaguzi wa kabla ya kuwasilisha programu kuwa hatua isiyopaswa kurukwa. Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuisoma, kuirekebisha na kuisambaza. Sehemu kubwa ya programu hizo haisambazwi mojamoja kwa mkono. Huwekwa katika ghala la pamoja la mtandaoni kwa mfumo wa vifurushi, na mtumiaji aliye Kahama, Mwanza au ng'ambo hupakua kifurushi anachokihitaji kwa amri moja. Kifurushi kikishaingia ghalani, kosa lililomo huanza kusafiri pamoja nacho. Kabla ya hapo, kosa hilo ni la mtu mmoja na kompyuta yake.

Makala haya yanaeleza namna ukaguzi huo unavyofanyika, yale unayoweza kuyaona na yale usiyoweza kuyaona, kwa kutumia mfano wa programu ya kusoma mipaka ya maeneo na vipimo vya madini katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga.

Kwa nini ukanda wa madini

Mikoa ya Geita na Shinyanga huishi kwa namba. Upo Mgodi wa Dhahabu wa Geita, upo Mgodi wa Bulyanhulu upande wa Kahama, na upo mgodi wa almasi wa Mwadui wilayani Kishapu. Pembeni mwa migodi hiyo mikubwa kuna maelfu ya wachimbaji wadogo katika maeneo kama Lwamgasa, Nyarugusu na Mgusu, ambao kila siku hupima kina cha duara, uzito wa dhahabu, usafi wake na bei yake. Tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, dhahabu ya mchimbaji mdogo hupimwa na kuuzwa mahali rasmi, na kumbukumbu zake huandikwa. Kumbukumbu hizo zikiingia katika kompyuta, kila kanuni ya hesabu iliyomo ndani ya programu huwa na mwenye kulipwa na mwenye kukatwa.

Wataalamu wa takwimu, afya na jiolojia duniani hutumia sana lugha ya R, iliyobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Ghala kuu la vifurushi vyake, CRAN, lilianzishwa mwaka 1997 na makao yake yako Vienna, Austria. Leo lina vifurushi zaidi ya 20,000, na huendeshwa na idadi ndogo ya watu wanaojitolea. Ghala hilo linafahamika kwa ukali wa masharti yake, na kwa sababu hiyo ni mfano mzuri wa kujifunzia. Anayeweza kupita hapo hatapata taabu kubwa kwingineko.

Kinachokaguliwa ni kile kinachotumwa

Mwandishi wa programu hufanya kazi ndani ya folda yenye mambo mengi: rasimu, picha za majaribio, data za muda, hata barua. Hatua ya kwanza ya ukaguzi ni kufunga kifurushi, yaani kutengeneza faili moja iliyobanwa ambayo ndiyo itakayotumwa. Katika R, amri ya kufunga ni R CMD build, kisha faili hiyo, wala si folda, hupelekwa kwenye amri ya pili, R CMD check --as-cran. Wengi huikagua folda na kutuma faili. Huo ni sawa na kupima jiwe moja na kuuza jingine.

Tofauti kati ya folda na faili si jambo dogo. Machi 2024 dunia ya programu huria ilitikiswa na tukio la xz, programu ya kubana mafaili inayopatikana katika kompyuta nyingi zinazotumia Linux. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikutwa na mlango wa siri uliopachikwa na mtu aliyejenga imani ya wenzake kwa muda mrefu. Sehemu ya hila hiyo haikuwamo katika msimbo uliokuwa ukionekana hadharani. Ilikuwamo katika faili iliyofungwa kwa ajili ya kusambazwa, na sehemu nyingine ilifichwa ndani ya mafaili yaliyodaiwa kuwa ya majaribio. Mhandisi Andres Freund aliligundua baada ya kuona kuwa kuingia katika kompyuta kwa mbali kunachukua takribani nusu sekunde zaidi ya kawaida. Somo kwa mwandishi wa kifurushi cha kawaida ni jepesi: fungua faili uliyoifunga, isome, uhakikishe unajua kila kilichomo.

Amri ya ukaguzi ikianza, hupita kifurushi chote kwa mpangilio. Huangalia faili ya maelezo ili kuona kama ina jina, toleo, leseni, na mtunzaji mmoja anayetajwa kwa jina na barua pepe inayofanya kazi. Husoma msimbo kutafuta makosa ya uandishi. Hulinganisha kila kazi ya programu na ukurasa wake wa msaada, ili kisitajwe kitu kisichokuwapo wala kuachwa kilichopo. Huendesha mifano yote iliyoandikwa katika kurasa hizo, kisha majaribio yote. Mwisho hutoa majibu ya daraja tatu, ambayo kwa Kiswahili yanaweza kuitwa kosa, onyo na dokezo. Kifurushi chenye kosa au onyo hakipaswi kutumwa. Dokezo linaweza kukubaliwa iwapo mwandishi ataeleza sababu yake.

Mfano wa dokezo la aina hiyo utawakuta waandishi wengi wa Afrika Mashariki. Ukaguzi wa maneno katika faili ya maelezo hutumia kamusi ya Kiingereza, hivyo "Shinyanga", "Nyarugusu" au "mrahaba" yanaweza kutajwa kuwa maneno yanayodhaniwa kuandikwa vibaya. Hakuna haja ya kuyafuta. Mwandishi hueleza katika ujumbe wake wa kuwasilisha kuwa hayo ni majina ya mahali au maneno ya Kiswahili. Vilevile kifurushi ambacho kurasa zake za msaada zimeandikwa kwa Kiswahili kinaruhusiwa, ilimradi lugha hiyo itajwe mahali pake katika faili ya maelezo. Nafasi hiyo bado haijatumiwa ipasavyo.

Yapo masharti mengine ambayo kwa mtumiaji wa Geita yana maana kubwa kuliko yanavyoonekana. Mifano na majaribio hayapaswi kutumia zaidi ya viini viwili vya kompyuta, na kila mfano unapaswa kumalizika ndani ya sekunde chache. Kifurushi hakiruhusiwi kuandika mafaili katika folda ya mtumiaji bila idhini yake. Iwapo kifurushi kinahitaji intaneti na intaneti haipo, kinapaswa kutoa ujumbe unaoeleweka na kuacha kwa utaratibu, badala ya kuvunjika katikati. Mtu anayefanya kazi karibu na mwalo wa kuchenjulia dhahabu, ambako mawimbi ya simu huja na kuondoka, anajua thamani ya sharti hilo la mwisho kuliko aliyeliandika.

Mita 285

Ukaguzi wa mashine una mpaka wake, na hapo ndipo mwenyeji anapohitajika. Mashine inaweza kuthibitisha kuwa kazi ya programu inapokea namba mbili na kurudisha namba mbili, lakini haijui kama Tanzania iko kusini mwa Ikweta. Kifurushi kinachoipeleka Geita karibu na Gulu kinaweza kupita ukaguzi wote bila kosa, onyo wala dokezo.

Mfano mzito zaidi unahusu mfumo wa rejea wa ramani. Ramani nyingi za zamani za Tanzania, zikiwamo karatasi za uwiano wa 1:50,000, zilichorwa katika mfumo unaoitwa Arc 1960. Vifaa vya GPS, pamoja na simu za mkononi, hutumia mfumo wa WGS84. Mifumo hiyo miwili hulichukulia umbo la dunia kwa namna tofauti, kwa hiyo namba zilezile za latitudo na longitudo huonyesha mahali pawili tofauti ardhini. Kwa eneo la Geita tofauti hiyo ni takribani mita 285, sehemu kubwa ikiwa ya kaskazini na kusini.

Mita 285 ni umbali mdogo kwa anayesafiri. Kwa mchimbaji mdogo ni jambo jingine. Leseni ya uchimbaji mdogo wa dhahabu, ambayo wengi huiita PML, hutolewa kwa Watanzania pekee na kwa eneo lisilozidi hekta 10. Hekta 10 zikiwa mraba, kila upande una urefu wa mita 316 hivi. Mraba huo ukisogezwa kwa kiasi cha tofauti ya mifumo hii miwili, sehemu inayobaki ndani ya mipaka yake halisi ni kama hekta moja. Hekta nyingine tisa huangukia nje, pengine juu ya leseni ya jirani, au shambani kwa mtu, au ndani ya hifadhi ya msitu. Programu iliyosoma namba za Arc 1960 kana kwamba ni za WGS84 haitaonyesha dalili yoyote ya tatizo. Dalili itaonekana pale mawe ya mipaka yatakapowekwa na watu wawili watakapokutana kwenye duara moja, kila mmoja na karatasi yake.

Kazi ya kubadilisha namba kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine kwa kawaida hufanywa na maktaba huria iitwayo PROJ, ambayo imo ndani ya QGIS, programu huria ya ramani inayotumiwa na wapimaji na wanajiolojia wengi, na imo pia nyuma ya vifurushi vya ramani vya R. Mifumo hiyo imepewa namba za utambulisho: 4210 kwa Arc 1960, 4326 kwa WGS84. Ukanda wa UTM unaozihusu Geita na Shinyanga ni wa 36 kusini. Namba yake ni 21036 katika Arc 1960 na 32736 katika WGS84. Mwandishi makini hataki programu ikisie. Ataitaka imuulize mtumiaji namba zake zimetoka mfumo upi, na ikatae kuendelea asipojibu. Ataandika pia ni seti gani ya ubadilishaji imetumika, kwa kuwa ipo inayotumika kwa Kenya na Tanzania kwa pamoja na ipo ya Tanzania peke yake, na majibu yake hutofautiana kwa mita chache.

Baada ya hapo huandikwa majaribio, na hapa ndipo kazi inapostahili kuchukua muda. Jaribio ni msimbo mfupi unaoipa programu swali ambalo jibu lake linajulikana tayari. Jaribio la kwanza: latitudo yoyote ya Tanzania bara lazima iwe kati ya takribani -1 na -12, na longitudo kati ya 29 na 41, namba iliyo nje ya mipaka hiyo ikataliwe kwa ujumbe ulio wazi. Jaribio la pili: nukta inayojulikana ya Geita, ikitolewa Arc 1960 kwenda WGS84, isogee takribani mita 285, si sifuri. Jaribio la tatu: namba hiyohiyo ikirudishwa ilikotoka, irejee ilipokuwa. Jaribio la nne huwapata wengi bila kujiandaa: namba iliyoandikwa kwa mkato badala ya nukta, kama inavyofanywa katika kompyuta zilizopangwa kwa Kifaransa ng'ambo ya mpaka, mashariki mwa Kongo, isisomwe kimyakimya kuwa namba nzima.

Majaribio hayo yanaweza kuandikwa na mtu asiyejua hesabu za ramani kwa kina. Kinachohitajika ni kuijua sehemu yenyewe. Mwandishi aliyeko Vienna au Auckland hana sababu ya kufikiria kuwa Geita na Gulu zimekaa karibu kama kitu na kivuli chake pande mbili za Ikweta.

Gramu, wakia na karati

Bei ya dhahabu duniani hutangazwa kwa wakia, na mchimbaji hupimiwa kwa gramu. Kuna wakia mbili. Wakia inayotumika kwa madini ya thamani ina gramu 31.1035, wakia ya kawaida, inayotumika kwa vyakula na bidhaa nyingine katika nchi zinazofuata vipimo vya Kiingereza, ina gramu 28.3495. Tofauti kati yake ni karibu asilimia 10. Gramu 100 za dhahabu ni wakia 3.215 kwa kipimo sahihi, lakini programu iliyotumia wakia ya kawaida itasema ni 3.527. Atakayeamini namba hiyo atadhani anadaiwa au anadai fedha ambazo hazipo.

Neno karati nalo lina mtego, hasa Shinyanga, ambako almasi na dhahabu hukutana katika mkoa mmoja. Kwa almasi, karati ni uzito: karati moja ni gramu 0.2. Kwa dhahabu, karati ni usafi: karati 24 ni dhahabu tupu na karati 18 ni robo tatu dhahabu. Kiswahili hutumia neno moja kwa yote mawili. Ukurasa wa msaada unaosema tu "weka karati" umeshakosea, hata kama hesabu iliyo nyuma yake ni sahihi. Jaribio linaloweza kuandikwa hapo linatoka katika historia ya mkoa wenyewe: almasi ya rangi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947 ilikuwa na karati 54.5 kabla ya kukatwa. Programu inapaswa kujibu gramu 10.9.

Anayedhani kuwa makosa ya vipimo huwapata wanagenzi tu akumbuke Septemba 1999, shirika la anga la Marekani, NASA, lilipopoteza chombo chake cha Mars Climate Orbiter kilipofika kwenye sayari hiyo. Programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza, nyingine ikazisoma kana kwamba ni vya kimetriki.

Saa pia hukaguliwa. Karani anayeandika kwamba mzigo ulipokelewa "saa 3 asubuhi" anamaanisha saa ambayo kompyuta huiandika 09:00. Programu iliyopokea namba 3 bila kuuliza itaandika alfajiri ya 03:00, saa ambayo soko limefungwa, na siku ya ukaguzi wa hesabu mtu atatakiwa kueleza. Tarehe nazo zina tatizo lake: jaribio linalotegemea neno "leo" linaweza kufaulu Geita na kufeli katika kompyuta ya Vienna, kwa kuwa Tanzania iko mbele kwa saa moja au mbili kutegemea majira ya huko. Majaribio yaandikwe kwa tarehe maalumu na kwa kutaja ukanda wa saa.

Jambo dogo la mwisho katika eneo hili: majaribio ya namba zenye desimali yasidai usawa kamili. Kompyuta mbili zilizo sawasawa kwa macho huweza kutofautiana katika tarakimu ya mwisho kabisa, na kifurushi kikafeli kwa jambo lisilo na maana. Huwekwa kiasi cha tofauti kinachovumilika, mathalani sentimita moja kwa umbali.

Data za mfano na taarifa za watu

Vifurushi vingi huja na data ndogo ya mfano ili mtumiaji ajifunze. Kishawishi cha kuchukua daftari halisi la mauzo au orodha halisi ya wenye leseni na kuiweka humo ni kikubwa, kwa kuwa data halisi hupendeza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inasimamia ukusanyaji na uchakataji wa taarifa za watu, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo yenye jukumu la usimamizi huo. Majina, namba za simu na namba za vitambulisho vya taifa hazina nafasi katika kifurushi cha wazi.

Wengi huondoa majina na kuamini wamemaliza. Hawajamaliza. Namba za latitudo na longitudo za duara moja katika kijiji, pamoja na uzito wa dhahabu iliyouzwa kwa tarehe fulani, humtaja mwenye duara kwa kila anayekaa kijijini hapo, tena humtaja pamoja na mapato yake. Amri ya ukaguzi haioni hatari hiyo; huangalia ukubwa wa data na muundo wake tu. Data ya mfano itengenezwe upya kwa namba za kubuni, na ukurasa wa msaada useme hivyo. Kifurushi kikishatolewa, nakala zake husambaa katika kompyuta nyingi duniani, na matoleo ya zamani hubaki katika kumbukumbu za ghala hata toleo jipya likitoka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Leseni na ridhaa ya taasisi

Msimbo uliowekwa mtandaoni bila leseni si huria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inailinda programu ya kompyuta kama inavyozilinda kazi nyingine za ubunifu, hivyo bila ruhusa iliyoandikwa mtumiaji hana haki ya kuisambaza wala kuirekebisha. Mwandishi achague leseni inayotambuliwa, aitaje katika faili ya maelezo, na ahakikishe kila kipande alichokichukua kwa mwingine kinaruhusiwa kukaa chini ya leseni hiyo. Ramani na picha huhesabiwa pia.

Mtumishi wa umma aliyeandika programu katika kazi yake apate kwanza ridhaa ya taasisi yake. Kwa mifumo ya taasisi za umma, Sheria ya Serikali Mtandao Namba 10 ya mwaka 2019 imeipa Mamlaka ya Serikali Mtandao jukumu la kuratibu, kusimamia na kukuza jitihada za Serikali Mtandao, pamoja na kuhimiza uzingatiaji wa viwango na miongozo. Kufaulu ukaguzi wa ghala la nje hakuchukui nafasi ya viwango hivyo. Halikadhalika, hakuna programu, iwe huria au ya kununuliwa, inayochukua nafasi ya ofisi ya Afisa Madini Mkazi katika suala la mipaka ya leseni.

Kompyuta nyingine, kisha barua

Kifurushi kilichofaulu katika kompyuta ya mwandishi kinapaswa kufaulu pia kwingine. Masharti ya CRAN yanataka kiweze kuendeshwa katika angalau mifumo miwili mikuu, na kikaguliwe kwa toleo la R linaloandaliwa, si lililopo tu. Mwandishi mwenye kompyuta ndogo ya Linux hana haja ya kununua ya Windows. Ipo huduma ya bure iitwayo win-builder, ambayo hupokea kifurushi, hukikagua na kutuma majibu kwa barua pepe. Gharama ya ukaguzi wote, kwa kijana wa Kahama au Geita mjini, ni umeme na kifurushi cha intaneti. Faili yenyewe isizidi megabaiti 10, jambo linalosaidia pia wapakuaji wenye mtandao hafifu.

Iwapo ni toleo jipya la kifurushi kilichopo tayari, kuna wajibu mmoja unaosahaulika. Vifurushi vingine vinaweza kuwa vimejengwa juu yake. Hivyo navyo hukaguliwa kwa toleo jipya, na vikivunjika watunzaji wake hupewa taarifa angalau wiki mbili kabla. Matoleo hayatumwi ovyo. Kwa kawaida si zaidi ya mara moja kwa mwezi au miezi miwili.

Kutuma kwenyewe ni jambo la dakika chache. Fomu hujazwa, faili hupakiwa, na barua pepe ya uthibitisho hufika kwa mtunzaji, naye anapaswa kubonyeza kukubali masharti. Mashine hukikagua kifurushi upya, na kifurushi kipya kabisa husomwa pia na binadamu. Jibu likiwa na marekebisho, mwandishi hurekebisha, huongeza namba ya toleo, hurudia ukaguzi wote tangu kufunga faili, kisha hutuma tena akieleza kilichobadilika. Barua pepe ya mtunzaji ibaki hai kwa miaka yote kifurushi kitakapokuwa ghalani, kwa sababu kifurushi kikianza kufeli baadaye, onyo lenye tarehe ya mwisho hutumwa kwa anwani hiyo, na lisipojibiwa kifurushi huondolewa katika orodha ya vinavyopakuliwa.